Sauti Niliyompa Kobe

Katuni yenyewe haifiki dakika nane. Ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, haina maneno hata moja, ina kinanda tu kinachopigwa mbio mbio kana kwamba mpigaji ana basi la kuwahi. Niliikuta ndani ya flashi niliyochukua kwa fundi simu wa sokoni, imechanganywa na mieleka, mahubiri na harusi ya watu nisiowajua. Haikuwa na jina. Sisi wa Kanyenye, hapa Tabora, tuliiita Kobe, ikatosha.

Kobe anahama. Kwa nini ahame wakati nyumba anayo mgongoni, mchoraji hakujisumbua kueleza, na kicheko kinaanzia hapo hapo. Juu ya gamba amepanga kitanda cha chuma, jiko, birika, saa ya ukutani, na juu kabisa kitundu chenye ndege mdogo. Anapanda mlima. Kila akisimama kupumzika kitu kimoja kinaanguka na kubingirika mpaka bondeni, naye anageuza shingo taratibu, anakitazama kinavyokwenda, kisha anashuka kukifuata. Ndege anamcheka. Hadithi nzima ni hiyo.

Uzuri wake uko kwenye shingo. Aliyemchora yule kobe alikuwa amekaa na kobe wa kweli akamtazama sana. Akichoka, shingo inaingia ndani kidogo kidogo hadi yanabaki macho tu, yanachungulia kama mama mwenye nyumba aliyesikia hodi ya mtu asiyemtaka. Kila hatua inatua sawasawa na kinanda. Kitanda nacho kina uhai, kinalegea miguu mzigo ukizidi, na birika linatoa mvuke ingawa halijaona moto tangu picha ianze. Nimeitazama zaidi ya mara mia na bado ile shingo inanishinda. Nacheka hata leo, na nikishacheka najichukia.

Ubovu wake nao si wa kutafuta. Mlima ni mmoja tu, umechorwa kipande kifupi kinachozungushwa: mti wenye tawi lililovunjika, jiwe, kichaka, halafu mti ule ule tena. Saa ina mishale, mara haina. Birika linaangukia bondeni na papo hapo liko mgongoni. Picha imejaa mikwaruzo myeupe inayoshuka kutoka juu hadi chini, mpaka mfugaji mmoja wa Ziba aliyekuja kuuza ng'ombe mjini akaniuliza kama nchi ile mvua hainyamazi, akasema malisho ya huko lazima ni mazuri. Tena mwisho haupo. Kobe anakaribia kileleni, ananyoosha shingo kutazama upande wa pili, kioo kinakuwa cheupe. Nakala yangu ilikatika hapo.

Mimi nina kibanda umiza. Kwa asiyejua, ni chumba cha mabati chenye mabenchi na televisheni kubwa, watu wanakuja kutazama mpira na filamu. Kazi yangu hasa, ile inayonifanya nisalimiwe njiani, ni kutafsiri. Nashika kipaza sauti, napunguza sauti ya filamu, nawasemea waigizaji wote kwa Kiswahili chetu, wanaume kwa wanawake. Sitafsiri sana, nikisema kweli. Naongeza chumvi. Mtu akisema neno moja kwenye filamu, kwangu anaweza kusema kumi na kumtaja balozi wa nyumba kumi. Watu wanakuja kwa ajili ya hiyo chumvi, nami nilijiona fundi.

Basi katuni isiyo na neno lolote ilikuwa shamba langu mwenyewe. Nilianza kuionyesha Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, Wakatoliki na Wamoraviani pamoja, wazazi na watoto wao. Wiki mbili za kwanza kobe nilimpa sauti ya mzee wa kawaida. Walicheka, ila kicheko cha wastani. Wiki ya tatu nikamtafutia sauti nyingine.

Kulikuwa na mama aliyekuwa akiuza asali. Alikuwa anatoka Ulyankulu, mara mbili kwa wiki, anashuka stendi na ndoo yake yenye kifuniko, anaitia kichwani na kutembea hadi sokoni huku akiuza njiani. Kituo chake cha kupumzika kilikuwa baraza ya kibanda changu. Si kwa bahati. Mara ya kwanza nilimwona amesimama pale ameelemewa, nikatoka nikamtua ndoo, kama mtu yeyote aliyelelewa angefanya. Tangu siku hiyo akawa anasimama kwangu. Namsalimia shikamoo, ananijibu marahaba mwanangu, namtua, anakaa kwenye ukingo wa baraza, anashika kiuno. Nikimuuliza kama hachelewi soko, anavuta pumzi ndefu na kusema:

"Ngoja nipumue kwanza. Asali haiozi."

Tunacheka wote wawili. Akishapumua namtwisha ndoo, anakwenda. Hivyo kwa karibu miaka miwili.

Jumapili ile kobe aliposimama mara ya kwanza mlimani, kitanda kikaanza kuteleza, nilivuta pumzi ndefu kwenye kipaza sauti nikasema, ngoja nipumue kwanza, asali haiozi. Kwenye katuni hakuna asali. Hakuna hata nyuki. Ndiyo maana kila mtu alijua papo hapo ni nani. Chumba kilipasuka kwa vicheko. Mabenchi yaligongwa, mtu mmoja akatoka nje kwenda kukohoa. Mimi nami nikapata kichwa.

Naomba niseme jambo ambalo sijawahi kulisema kwa sauti. Yule mama alifika Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, akiwa mgongoni kwa mama yake, wazazi wake walipokimbia Burundi. Amekulia huku, amesoma huku, Kiswahili chake ni hiki hiki changu. Lakini kobe wangu nilimpa Kirundi kizito mdomoni, nikamvutavuta maneno, nikamfanya ababaike. Yeye hakuwahi kuongea vile hata siku moja. Nilikitunga mwenyewe kwa sababu nilijua kitachekesha, na kilichekesha.

Jumapili zikafuatana. Watu walikuwa wanakuja wakiuliza, Kobe ipo leo? Mtu alirekodi kwa simu, sauti ikasambaa. Waendesha bodaboda wakawa wanaambiana wakichelewesha abiria, asali haiozi. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi jirani niliisikia ikilia kwenye simu ya mwenye duka. Nilifurahi. Nilikuwa natembea Kanyenye kifua mbele kwa ajili ya maneno matano ambayo si yangu.

Nilikuwa na kinga yangu kichwani. Nilijiambia ni utani. Sisi Wanyamwezi tumezaliwa ndani ya utani. Kwenye msiba, mtani anaweza kulala juu ya jeneza hadi umpe kitu, anaweza kuvaa nguo za marehemu na kutembea kama marehemu mbele ya mjane, na mjane anacheka na machozi yake. Hakuna anayenuna. Nyumbani tulisimuliwa kwamba utani wetu na makabila ya njiani uliletwa na safari, wakati wazee wetu walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani na kurudi, wanapita kwa watu, wanalala kwa watu, wanatukanana na kusaidiana. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Nikajiambia kila aliyefika Tabora na mzigo kichwani ni mtani wangu. Sikumuuliza mtu. Siku moja, nikimtwisha ndoo, nilimwambia mama asali kwa mzaha, "Wewe ni mtani wangu, mama." Akatabasamu. Nikaona mambo yamekwisha.

Siku iliyoharibu kila kitu ilikuwa Jumapili. Kwa kawaida alikuwa haji Jumapili. Siku hiyo kulikuwa na harusi mahali, mtu ameagiza asali, akapita mchana wakati watu wanatoka kibandani kwangu. Alisimama barazani kama siku zote, akanitafuta kwa macho nije nimtue. Nilikuwa mlangoni, kipaza sauti bado mkononi. Kabla sijasogea, mtu wa mbele akavuta pumzi ndefu, na umati mzima, watu wazima na watoto waliovaa nguo za kanisani, wakasema kwa pamoja, kwa ile sauti yangu, kwa kile Kirundi changu cha kutunga:

"Ngoja nipumue kwanza. Asali haiozi."

Yeye hakuelewa mara moja. Alitazama nyuma kuona nani anachekwa. Kisha akanitazama mimi.

Nami nilicheka. Hilo ndilo ninaloliandikia haya yote. Ningeweza kushuka ngazi mbili nikamtua ndoo, watu wangenyamaza. Ningeweza hata kuingia ndani. Nilisimama mlangoni nikacheka pamoja nao, nikainua kipaza sauti kidogo, kama msanii anayepokea makofi. Mama akatabasamu lile lile tabasamu alilonipa siku niliyomwita mtani. Ndoo hakuitua. Aliishika kwa mikono miwili, akaiweka sawa, asali ikamwagika kidogo begani kwenye kitenge, akaendelea na safari.

Wiki iliyofuata alipita bila kusimama. Nilikuwa barazani, nikamwamkia, akanijibu marahaba bila kugeuza kichwa, na mwenye ndoo kichwani hana namna nyingine, nikajiambia. Alipofika kona ya mbele alipunguza mwendo kama anayetaka kupumua. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki akavuta pumzi. Mama akaongeza mwendo. Nilimfuata kwa macho mpaka alipopotea, na hakusimama popote. Kutoka stendi hadi sokoni ni mbali hata kwa mtu asiye na kitu. Shingo yake ilikuwa inatetemeka. Kila mahali ambapo angeweza kutua palikuwa na mtu anayejua yale maneno, na mtu huyo ameyapata kwangu.

Nilijaribu kurekebisha. Jumapili iliyofuata nilimrudishia kobe sauti ya mzee. Haikusaidia. Kobe aliposimama, chumba kizima kikasema chenyewe, tena kwa ufundi kuliko mimi. Nikaionyesha bila sauti yoyote, nikakaa kimya nyuma. Wakasema tena. Nikaifuta kwenye flashi. Wakanionyesha wanayo kwenye simu zao, wakaniuliza kama naumwa.

Kisha mama asali akaacha kupita kabisa.

Mama yangu mzazi ndiye aliyeuliza. Alikuwa mteja wake, asali anaitumia kwa kifua. Nilimweleza, nikaanza kwa kupunguza makali: watu wamezidisha, ule ulikuwa utani tu. Mama alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Utani na nani?" aliuliza.

"Na yule mama wa asali."

"Yeye alikutania lini?"

Nikafikiri. Nikataja siku, nikaona si yenyewe. Nikataja nyingine.

"Mtani akikutukana, unamtukana," mama alisema. "Akichukua kuku wako, unachukua mbuzi wake. Yule amechukua nini chako? Ametukana nani hapa? Mtu anayeishi kwa kuogopa kuulizwa alikotoka, wewe unamwita mtani ili umcheke peke yako." Akasukuma sinia. "Na wewe ni mjukuu wa mpagazi. Unamcheka mtu anayetua mzigo."

Niliinuka nikaenda kukaa chooni kwa muda mrefu kuliko nilivyohitaji, maana nyumbani kwetu hakuna chumba kingine chenye komeo.

Nilikwenda Ulyankulu kwa basi la asubuhi. Nilikuwa nimebeba sukari, sabuni na kitenge, kama mtu anayekwenda kutoa pole, na njia nzima niliona aibu na ule mfuko. Kumpata haikuwa kazi. Nilimtaja kwa asali, nikaelekezwa kijijini kwake, nyumba yenye mizinga imelazwa nje ikikauka. Alikuwa anachuja asali kwa kitambaa. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, mwanangu, karibu, akanawa mikono, akaniletea kigoda na maji ya kunywa. Alinipokea vizuri, na nilitamani angenifukuza.

Nilisema niliyokwenda kusema. Nilikosa, mama, nisamehe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nasikia ni kobe. Mimi sijamwona. Unaye?"

Nilikuwa naye bado kwenye simu, sauti imezimwa. Nikampa. Aliishika simu kwa ncha za vidole, akatazama dakika zote, akiwa ameisogeza karibu na uso. Kobe alipovuta shingo ndani alitabasamu, na lile lilikuwa tabasamu la kweli, sikuwahi kuliona.

"Amemchora vizuri," alisema. Baadaye kidogo: "Lakini huyu hafiki. Mti ni ule ule."

"Ndiyo, mama. Walirudia."

"Na huyu ndege, kazi yake nini?"

"Anamcheka."

"Yuko juu ya mzigo na anacheka." Hakusema zaidi kuhusu ndege. Picha ikawa nyeupe, akaigeuza simu, akaitikisa. "Imeisha?"

"Imekatika. Mwisho wake hatuujui."

Akanirudishia simu. Kisha akasema, "Sasa sema."

"Niseme nini, mama?"

"Ninavyosema. Watu wote wamesikia isipokuwa mimi."

Nilimsihi. Akangoja tu, mikono magotini. Basi nilisema. Nilivuta pumzi, nikasema yale maneno matano uani kwake, na kile Kirundi cha kutunga, kwa sababu kuyasema bila hicho kungekuwa uongo mwingine. Hapakuwa na mtu wa kucheka. Kuku walikuwa wanaparua chini ya mizinga. Sijawahi kusikia sauti yangu ikiwa mbaya namna ile, na mimi naishi kwa sauti.

Alitikisa kichwa polepole, kama anayeonja kitu na kutafuta kilichozidi.

"Siku ya kwanza uliniuliza kama jua haliharibu asali yangu," alisema. "Nikakwambia asali haiozi. Ukacheka. Nikaona huyu kijana anapenda kucheka, na ananitua mzigo, na mimi sina cha kumpa. Nikawa nakuletea hayo maneno kila nikija."

Nilitazama chini. Nilitaka kusema kitu, nikasikia nasema, "Mama, nilidhani ni utani."

"Utani ni wenu," alisema, bila hasira. "Mimi nilikuwa nimekuzoea tu."

Alinifungashia asali chupa moja kwa ajili ya kifua cha mama yangu, akakataa kabisa mazungumzo yoyote ya malipo. Ule mfuko wangu aliupokea kwa mikono miwili na kuuweka ndani. Alinisindikiza hadi barabarani. Nilimuuliza kama atarudi mjini, akasema atarudi, ada ya shule ya watoto wake haisubiri. Nilimuuliza kama amenisamehe. Akasema, "Nimekusamehe, mwanangu," na namwamini. Kusamehe amesamehe.

Kobe siionyeshi tena. Mwaka huu nimesikia wengine wakisema asali haiozi bila kujua ilikotoka, watu waliohamia Kanyenye majuzi, na siwezi kwenda kwa kila mmoja kumziba mdomo. Barazani kwangu nimejenga benchi la saruji, chini ya kivuli cha bati, kwa urefu wa kumfaa mtu anayetua ndoo kichwani. Wanalikalia wacheza bao.

Mama asali anapita Jumanne na Ijumaa. Namjua akiwa bado mbali kwa hatua zake, nazima televisheni, natoka, nashuka zile ngazi mbili na kusimama njiani mikono imenyooshwa tayari kumtua. Namwamkia. Ananiitikia marahaba, anauliza kifua cha mama kinaendeleaje. Kisha anainamisha shingo kidogo upande wa pili, ndoo isinifikie, ananipita. Nasikia anavyohema.